Vazi la Umeme na Fomu Niliyoijaza kwa Uongo

Assalaamu alaykum, ndugu zangu! Mola asifiwe kwa kila ulimi uliomo ndani ya sabla hii, ukumbi wetu wa mikutano, leo! Mama zangu na dada zangu mliokaa upande wa pili wa pazia, nanyi nakusalimuni. Na nyinyi dada zetu mliotoka Bara, mlioomba ruhusa kwa waajiri wenu mkaja, karibuni sana. Leo habari hii inakuhusuni zaidi kuliko mtu yeyote, ingawa tangazo halikusema hivyo.

Tangazo linasema kwamba Bwana Suleiman, mstaafu, atatoa ushuhuda wa namna vazi la umeme lilivyomnyanyua kutoka kwenye kiharusi. Sentensi hiyo ina makosa mawili. Mimi nimekaa miaka thelathini na moja katika masjala ya wizara, hapa Maskati, nikisahihisha makosa ya watu wengine, na siwezi kuanza bila ya kuyasahihisha haya. Kwanza, vazi halikuninyanyua peke yake. Pili, nilikookolewa si kwenye kiharusi. Kiharusi kilikuwa maradhi, na maradhi hayana aibu. Nilikookolewa ni kwenye uongo, nao niliutenda kwa mwandiko mzuri.

Nimeiandika hotuba yangu na ninaisoma, ili nisije nikaingiwa na woga nikaruka mstari.

Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua. Mnajua nilivyokuwa nikiingia ofisini kabla ya mlinzi hajamaliza kufungua madirisha. Vijana wa ofisini walikuwa wakiniita "Nafasi Tupu", wakidhani sisikii. Nilikuwa nikisikia. Waliniita hivyo kwa sababu nilikuwa nikiirejesha kila fomu yenye nafasi moja isiyojazwa. Niliwafundisha kwamba nafasi tupu katika fomu ni sawa na kanzu isiyo na kifungo: mtu akikuona, anajua umetoka nyumbani kwa haraka. Na saa ikishaandikwa haibadilishwi. Huo ndio uliokuwa utaratibu wangu, nikauamini kama mtu anavyoamini kibla.

Kiharusi kilinipata asubuhi, nikitia udhu. Mkono wa kushoto ulidondosha kopo, na mguu wa kushoto ukaniacha. Alhamdulillahi, mwanangu Nasor alikuwa bado hajatoka kwenda kazini, na hospitali ilinipokea mapema. Nilibaki na uhai, na ulimi, na akili. Nilibaki pia na mkono wa kulia, ule wa kuandikia. Wakati ule nilimshukuru Mungu kwa mkono huo kuliko kwa kitu chochote. Sikujua nitaufanyia nini.

Lakini upande wa kushoto ulikakamaa. Aliyeuguza mtu wa kiharusi anajua ninachokisema. Ngumi hujifunga yenyewe, ukataka kukata kucha ukashindwa. Kisigino hunyanyuka, mtu akawa anatembea kwa ncha ya kidole kama anayenyatia. Baada ya miezi, binti mmoja wa kliniki ya mazoezi huku Khuwair ya Kusini, jina lake Sabra, mtoto wa watu wetu, alituita mimi na Nasor akatuonesha vazi.

Nilieleze kwa usahihi, maana nimesikia watu wakisema ni mashine ya kupandishia mizimu, na wengine wakisema ukilivaa asubuhi utacheza mpira jioni. Yote mawili ni upuuzi, na yamenikasirisha! Vazi lenyewe ni vipande viwili. Kimoja ni soksi ndefu inayofika juu ya goti, na kimoja ni mkono wa nguo unaofika begani. Kwa ndani mna vidoa vyeusi vya kupitishia umeme, ambavyo hutiwa maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Kiunoni hufungwa kidude mfano wa rimoti. Umeme wake ni mdogo, unauhisi kama sisimizi wanaohama. Huamsha msuli mmoja ili ule unaoupinga, uliokakamaa, ulegee. Mtu hulivaa saa moja, siku moja huvaa na ya pili hupumzika, na katika muda ule wa kulegea hufanya mazoezi. Ukiacha, ukakamavu hurudi. Halimfai kila mtu, na aliyetiwa kifaa cha moyo kifuani asiliguse mpaka daktari wake aseme. Ndivyo alivyotueleza Sabra, nami nashuhudia kuwa ndivyo.

Kliniki ilituazima vazi kwa wiki sita, na fomu pamoja nalo. Fomu ilikuwa na mistari ishirini na moja. Kila mstari ulitaka tarehe, saa ya kuvaa, saa ya kuvua, hali ya mguu, na mwisho jina na sahihi ya aliyemvalisha mgonjwa. Palikuwa na nafasi moja juu ya kuandika saa iliyochaguliwa. Niliandika: saa kumi na nusu, baada ya sala ya alasiri.

Ndugu zangu, kosa langu lilianzia hapo. Nani katika nyinyi asiyejua kuwa baada ya alasiri ndipo baraza yangu inapokaa? Kahawa, tende, na masahibu wangu wa ofisini wanaingia bila ya kubisha, kama walivyozoea tangu marehemu mke wangu yuko hai. Niliiandika saa ile kwa sababu ilikuwa saa yangu ya kuwa macho na nimevaa vizuri. Sikufikiri.

Aliyenivalisha ni Neema. Wengi wenu mliwahi kunywa kahawa yake. Alikuwa mtumishi wa nyumba yetu kwa miaka miwili, mwanamke wa Tabora, Mkristo, mwenye kuimba nyimbo za kwao jikoni kwa sauti ya chini ili asitusumbue. Sabra alimfundisha, naye akajua upesi kuliko Nasor. Siku ya kwanza, kabla hatujatia hata tone la maji, nilimpa fomu nikamwambia atie sahihi mistari yote.

"Mzee, yote? Hata hatujavaa!"

"Ni utaratibu, Neema. Tusisumbuane kila siku na kalamu."

"Kwetu ukisaini kabla, unaitwa na mtendaji wa kijiji."

"Hapa si kwenu. Tia sahihi."

Alitia. Sahihi ishirini na moja, kwa herufi za mwanafunzi wa shule, zote zimesimama sawa. Nilimsifu kwa unadhifu!

Mara tatu tulivaa kama inavyotakiwa, mlango umefungwa, na masahibu wakaambiwa nimelala. Mara ya tatu ngumi ililegea, nikaviona vidole vyangu vinne vimetandazika juu ya goti. Neema alipiga kigelegele jikoni mpaka jirani akauliza nani kaoa. Mara ya nne mlango ulisahauliwa wazi. Akaingia Bwana Hilal, ambaye ninamwona pale amekaa mstari wa mbele, na wenzake wawili. Wakanikuta soksi nyeusi mpaka gotini, kidude kiunoni kinamulika taa ya kijani.

Hilal akasema, "Suleiman! Ndiyo nini tena hivi? Mtu mzima unachajiwa kama simu?"

Mwengine akadakia, "Mwacheni, hajafika hata asilimia kumi."

Walicheka, nami nikacheka. Hilal, usiinamishe kichwa, ndugu yangu. Utani wako haukuwa na ubaya, na mimi nimekutania kwa maneno makali zaidi ya hayo. Nilicheka, nikamwita Neema anivue. Saa haikuwa imetimia. Tulikuwa tumefika dakika ishirini. Nikamwambia asilete tena vazi lile wageni wakiwapo. Na wageni, ndugu zangu, walikuwapo kila siku.

Mtaniuliza: kwa nini hukubadilisha saa? Ukalivaa asubuhi, au baada ya magharibi? Neema aliniuliza hivyohivyo. Nilimjibu kwamba saa imeshaandikwa. Mtu mwenye akili timamu, aliyesimamia masjala, niliacha mguu wangu ukakamae kuliko kukata mstari mmoja na kuandika saa nyengine pembeni!

Lakini fomu ilikuwa mezani, na nafasi zake zilikuwa tupu. Zikanikera. Kila siku ya vazi ilipofika, nilichukua kalamu kwa mkono wangu mzima nikajaza: saa kumi na nusu, saa kumi na moja na nusu, mguu umelegea kiasi. Pembeni sahihi ya Neema ilikuwa tayari inanisubiri. Mwanzo nilijiambia nitailipia saa ile kesho. Kisha sikujiambia kitu.

Neema hakunyamaza. Alikuja na chupa yake ya maji mpaka mlangoni.

"Mzee, leo siku ya nguo."

"Kesho."

"Juzi ulisema kesho, mzee. Hiyo kesho yako inakaa wapi?"

Nikamkaripia. Nikamuuliza kama yeye ndiye daktari. Akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau. Alisema, "Mimi sio daktari. Ila mama yangu alilala miaka minne upande mmoja, na hakuna aliyemletea hata soksi."

Na bado sikuvaa!

Zikaisha wiki sita. Tulikwenda kliniki, mimi na Nasor. Sabra aliisoma fomu, akafurahi kwa unadhifu wake. Kisha akaupima mguu, na kisigino kilikuwa juu vilevile. Akaipima ngumi, nayo imefunga. Akasema kwa upole kuwa vazi haliwafai wote, na huenda mimi ni katika wasiofaidika. Halafu akakiunganisha kile kidude na kompyuta, maana, sikulijua hilo, kidude hicho huhesabu chenyewe saa zilizotumika. Kilisema saa tatu na dakika ishirini. Fomu yangu ilisema saa ishirini na moja.

"Ami Suleiman," akasema, "hapa pana tofauti."

Nasor aliichukua fomu. Mwanangu ni mtu wa haki, lakini ni mwepesi. Hakuuangalia mwandiko wa saa, ambao ni wangu na anaujua tangu akisoma chuoni. Aliangalia sahihi.

"Neema huyu! Kumbe alikuwa anasaini tu! Baba, wewe ulikuwa unalala, yeye anasaini?"

Sabra akanitazama. Ilinitosha kusema neno moja: mimi. Ndugu zangu, nilikuwa na ulimi! Kiharusi kiliuacha ulimi wangu! Nikaitazama ngumi yangu, nikanyamaza.

Vazi lilichukuliwa palepale. Sabra alisema, bila ya kunilaumu, kuwa kuna mwanamke analisubiri tangu zamani, ana maradhi yale yanayokula ganda la mishipa ya fahamu, na miguu yake imekakamaa angali kijana. Wiki sita alisubiri vazi ambalo lilikuwa limekunjwa ndani ya sanduku langu la kanzu, na karatasi ikisema linatumika. Simjui jina. Namwomba msamaha bila ya jina.

Jioni ile Nasor alimwita Neema ukumbini. Akamwekea fomu mbele yake na kumuuliza sahihi ni ya nani. Neema akasema, "Ya kwangu." Kisha akanigeukia mimi, akasema maneno mawili tu: "Mzee, sema."

Nilikuwa na tasbihi mkononi. Niliendelea kuzungusha punje. Sikuwa nikimtaja Mungu, nilikuwa nikihesabu punje.

 Neema alirudi jikoni, akamaliza kuosha vikombe vya baraza, akafunga mizigo yake. Alihamia kwa rafiki yake, mtaa wa Hamriya, akitafuta nyumba nyengine ya kazi. Na hapo dhambi yangu ikazaa. Mama mmoja wa mtaa huu, ambaye yupo nyuma ya pazia na anajijua, alitaka kumchukua, akampigia Nasor kuuliza. Nilikuwa nimekaa karibu. Nilimsikia mwanangu akisema, kwa adabu kabisa, "Hatumpendekezi. Anatia sahihi asichokifanya." Jumla ya nyumba tatu ziliuliza, na tatu zilijibiwa hivyo. Mwezi haukuisha, Neema alipanda ndege akarudi kwao, na jina bovu.

Sikulala vizuri, lakini sitaki kukusimulieni habari za kutolala. Kila mwenye makosa hujisifu kuwa hakulala. Nikuambieni kilichonigeuza.

Sabra alipiga simu. Vazi limerudi, na kwa hisani yake ameliandikia jina langu tena, maana kama lilitumika saa tatu tu, basi halijajaribiwa. Alituma na fomu mpya. Niliitandaza mezani, nikachukua kalamu, nikaanza kuzijaza nafasi za juu. Jina langu. Umri. Maradhi. Kisha nikafika pahala palipoandikwa: je, mgonjwa amewahi kulitumia vazi hili, na kwa saa ngapi? Nikaandika: saa tatu na dakika ishirini. Ndivyo ilivyo. Mstari unaofuata ukauliza: kama hakukamilisha, eleza sababu.

Ndugu zangu, nilikaa mbele ya mstari ule tangu adhuhuri mpaka wakaadhini alasiri. Nafasi tupu! Mimi, Nafasi Tupu, nilishindwa kuijaza. Kila nilichotaka kuandika kilikuwa uongo, na mkono ukakataa. Mkono wa kulia, mzima, ukawa mzito kuliko ule wa kushoto. Nikasema, "Ya Rabi, umeniachia huu ili niandike haki, na mimi nimeufanya shahidi wa uongo. Utwae, au uulegeze!" Nikalia, mtu wa miaka sabini na mbili. Kisha nikaandika: Mgonjwa aliona haya mbele ya masahibu wake. Alijaza saa ambazo hakuvaa. Mtumishi Neema hana kosa. Nikatia sahihi.

Subhanallah, wepesi nilioupata! Nilimwita Nasor nikampa asome. Alisoma mara mbili.

"Baba, wewe?"

"Mimi."

"Na mimi nimewaambia watu watatu..."

 Alitoka akakaa ndani ya gari yake mlangoni, injini imezimwa, muda mrefu. Aliporudi alikuwa na simu mkononi, na namba ya Neema imeshapigwa. Akaniwekea sikioni.

Nilimwambia Neema kila kitu alichokuwa akikijua. Alisikiliza. Kisha akasema, "Nilijua siku moja utasema, mzee. Nilitamani iwe siku ile."

  Nilimuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakusema. Akacheka kidogo: "Ningesema nani angeniamini? Sahihi si ilikuwa yangu?" Nilimwomba arudi, Nasor atamtumia tiketi. Akasema, "Nimeshakusamehe, mzee, Mungu anajua. Ila sirudi." Nikamwambia basi nitamwandikia barua nzuri, yenye kueleza yote.

"Barua ni sawa, andika. Lakini jina langu halikuchafuka kwenye karatasi, mzee. Limechafuka kwa watu. Nenda ukalisafishe kwa watu."

Ndiyo maana nimesimama hapa. Nilipoombwa nije kulisifu vazi la umeme, nilikubali upesi, na waandalizi wakashangaa. Sasa mnajua.

Kwa hiyo naomba isikike pande zote mbili za pazia. Neema wa Tabora hakudanganya. Hakuzembea. Kila siku ya vazi alikuja mlangoni na chupa ya maji, na mimi nilimfukuza. Uongo ulikuwa wangu, kimya kilikuwa changu, na yeye ndiye aliyeadhibiwa. Mama uliyetaka kumwajiri, ulinyimwa mtu mwaminifu kwa sababu yangu. Na nyinyi dada zetu mlioko nyuma, mkirudi leo mpigieni, mwambieni mzee kasema.

Mguu? Nimebakisha mistari sita ya fomu mpya. Kisigino kinagusa chini ninapotoka kwenye vazi, na siku ya pili huanza kunyanyuka tena. Ngumi inafunguka kiasi cha kushika kikombe kisichojaa. Alhamdulillahi! Sabra anasema lau ningeanza mara ya kwanza, huenda ningefika mbali zaidi. Huenda. Halijulikani, na lisilojulikana siliandiki. Fomu yenyewe ni hii hapa, itazameni. Katika mistari iliyopita ina nafasi mbili tupu, siku mbili ambazo nilishikwa na homa sikuvaa. Itakuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutia sahihi chini ya karatasi yenye nafasi tupu, na ndiyo karatasi safi kuliko zote nilizowahi kuzitia sahihi.

Ndugu zangu mnaougua, na mnaouguza: mtegemeeni Mola, kisha semeni kweli kwa anayekutibuni. Umeme ule hauna miujiza, haufiki kwa mtu aliyejificha. Usimwonee haya sahibu yako kuliko unavyomwonea haya Muumba wako. Na anayekuvalisha, awe mwanao au mgeni wa nyumba, jina lake ni amana mkononi mwako. Lichunge kama unavyochunga lako.

Namshukuru Mungu aliyenirefushia umri mpaka nikasema. Namshukuru Neema, ambaye hayupo.

Na sasa ni saa kumi na nusu. Saa hii niliiandika tena katika fomu mpya, kwa makusudi. Leo ni siku ya vazi, na soksi hii hapa, na wageni mpo. Pahala pa aliyenivalisha nimepaacha wazi. Hilal, ndugu yangu, chupa ya maji iko karibu nawe. Njoo.